UPIMAJI WA VINASABA VYA NG'OMBE: SUALA LA SAYANSI, SUALA LA SIASA

Utangulizi

Katika semina za itikadi makada vijana huuliza mara kwa mara: siasa inahusika nini na damu ya ng'ombe? Wanaouliza hivyo hudhani kwamba kazi ya kada huishia kwenye mkutano wa hadhara, na kwamba mambo ya maabara waachiwe wataalamu peke yao. Mawazo hayo si sahihi. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, na walio wengi wamo mikononi mwa wafugaji wadogo. Kwa mfugaji mdogo ng'ombe ndiye benki, ndiye mvuta plau, ndiye maziwa ya mtoto, na ndiye mahari. Jambo lolote linaloamua ng'ombe yupi azae na yupi asizae linagusa njia ya uzalishaji mali ya mamilioni ya wananchi. Na kila linalogusa njia za uzalishaji mali ni suala la siasa, hata kama linaanzia katika unywele wa mkia wa ndama.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, kueleza kwa lugha nyepesi upimaji wa vinasaba ni nini na unafanyaje kazi. Pili, kuonyesha makosa mawili makubwa yaliyotokea duniani katika uzazi wa ng'ombe, moja chini ya chama kilichotawala kwa jina la wafanyakazi na wakulima, na jingine chini ya soko la kibepari. Tatu, kutaja wajibu wa kada mahali alipo.

Kupima vinasaba ni kupima nini?

Mwili wa mnyama umejengwa kwa chembe hai. Ndani ya chembe mna maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili huo, nayo yamepangwa katika nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu. Ng'ombe ana kromosomu 60, yaani jozi 30. Katika kila jozi moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Kipande cha uzi chenye agizo moja huitwa jeni. Maagizo yenyewe yameandikwa kwa kemikali za aina nne, ambazo wanasayansi huziita kwa herufi A, C, G na T. Mwaka 2009 ilitangazwa ramani ya vinasaba vya ng'ombe, iliyotokana na ng'ombe jike wa koo ya Hereford wa Marekani, na ilionyesha kwamba ng'ombe ana jeni zipatazo 22,000.

Ng'ombe wawili hutofautiana kwa sababu mahali fulani herufi zao hutofautiana. Tofauti nyingi hazina madhara wala faida. Lakini zipo chache ambazo herufi moja tu ikibadilika, mnyama hufa tumboni, au huugua akapona pale mwenzake anapokufa. Kupima vinasaba ni kuchukua damu, kipande kidogo cha sikio, au nywele zenye mizizi, na kusoma herufi zilizopo mahali panapohusika.

Faida yake ni wakati. Kwa njia ya zamani, mfugaji akitaka kujua kama dume anarithisha uwezo wa kuhimili maradhi, hana budi kungoja dume akue, apande, ndama wazaliwe, na maradhi yawapate. Miaka inapita, na mizoga ndiyo inayotoa jibu. Kwa kupima, jibu linaweza kupatikana ndama angali ananyonya, bila kumwambukiza mnyama yeyote. Lakini kada aelewe hapa jambo la msingi: kipimo hakigundui chochote peke yake. Ni lazima kwanza watu wawe wamelinganisha herufi za wanyama waliokufa na za wale waliopona. Bila kumbukumbu za mazizini, maabara haina la kusema.

Mfano wa ndigana kali

Tuchukue maradhi ambayo kila mfugaji wa Afrika Mashariki anayajua. Ndigana kali huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, ambacho husambazwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Kupe mchanga hukipata kwa kunyonya damu ya ng'ombe aliyenacho, kisha akikua hukipeleka kwa ng'ombe mwingine. Kimelea huingia katika chembe nyeupe za damu, yaani askari wenyewe wa mwili, na kuzilazimisha ziongezeke ovyo kama kansa. Mitoki huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na mnyama asiye na kinga hufa katika muda wa wiki chache. Inakadiriwa kwamba ndigana kali huua ng'ombe zaidi ya milioni moja kila mwaka katika ukanda wetu.

Silaha za siku zote ni mbili: josho na chanjo. Josho huua kupe, lakini dawa hugharimu fedha na kupe huizoea. Chanjo ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1970, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa mali ya nchi zetu tatu kwa pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hutumia vimelea hai vya namna tatu, kimojawapo asili yake Serengeti, na mnyama hudungwa wakati uo huo dawa ya kupunguza makali ya maradhi. Inafanya kazi vizuri, na Wamaasai wa kaskazini ya nchi yetu wameitumia kwa wingi. Hata hivyo ni lazima itunzwe katika baridi kali sana, na kinga yake hupungua pale ambapo ng'ombe huchunga pamoja na nyati, kwa sababu nyati hubeba vimelea vya namna nyingi mno.

Sasa imeonekana njia ya tatu. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo iliyoko Nairobi na wenzao wa Roslin, Uskochi, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya ng'ombe wa koo ya Borani. Waliona kwamba katika kromosomu ya 15 pana mahali ambapo baadhi ya ng'ombe wana herufi T badala ya C. Herufi hiyo ni kama amri ya "simama": inakatisha utengenezaji wa protini fulani kabla haijakamilika. Kati ya ng'ombe 20 waliokuwa na T kwa baba na kwa mama, yaani nakala mbili, alikufa mmoja tu. Kati ya 97 waliokuwa na C kwa pande zote mbili, walikufa 44.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yasomwe kwa makini. Kwanza, wanyama 20 ni wachache. Pili, Borani si zebu wa Singida wala Ankole wa Kagera. Kila koo ichunguzwe mahali pake. Tatu, kuhimili ndigana kali si kuhimili ndigana baridi, homa ya mapafu wala homa ya miguu na midomo. Nne, mnyama anayehimili si mnyama asiyeambukizwa. Ng'ombe aliyepona anaweza kuendelea kubeba kimelea, na kupe wakamchukua na kumpelekea mtamba wa jirani. Kwa hiyo mfugaji mmoja mwenye uwezo akijipatia kundi linalohimili na kuacha kuogesha, yeye atasalimika huku mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa akifilisika. Hapa ndipo tunapoona kwamba hata vinasaba vinadai ujamaa: kipimo, josho na chanjo viende pamoja, na viende kijiji kizima.

Hesabu ya urithi

Kada anapaswa kuijua hesabu hii ili asidanganywe wala asidanganye. Dume mwenye T mbili akipanda majike wenye C mbili, ndama wote watapata T moja na C moja. Wakizaliana hao wenye mojamoja, basi kwa wastani katika kila ndama wanne, mmoja atakuwa na T mbili, wawili watakuwa na mojamoja, na mmoja hatakuwa na T kabisa. Maana yake ni kwamba kumleta dume bora mara moja na kwenda zake hakutoshi. Faida kamili huonekana katika kizazi cha pili na cha tatu, na huonekana pale tu ambapo wafugaji wanaendelea kupima, kuchagua na kuandika. Mradi wa miaka miwili wenye bendera na picha za uzinduzi hauwezi kubadili koo ya ng'ombe.

Kosa la kwanza: amri badala ya ushahidi

Katika Urusi ya Kisovieti alitokea mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Trofim Lysenko. Alikuwa mtoto wa mkulima, alizungumza lugha ya umma, na aliahidi mavuno ya haraka. Alikanusha elimu ya jeni akisema ni ya kibepari. Mwanasayansi Nikolai Vavilov, aliyezunguka dunia akikusanya mbegu za mazao kwa faida ya nchi yake, alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani Saratov mwaka 1943. Mwezi wa Agosti 1948, katika mkutano wa akademia ya sayansi za kilimo mjini Moscow, Lysenko alitangaza kwamba taarifa yake imekwisha kubaliwa na Kamati Kuu ya Chama. Tangu siku ile mjadala ulifungwa, na walimu wa elimu ya jeni walifukuzwa kazi.

Lysenko aliingia pia katika ng'ombe. Kwenye shamba la Gorki Leninskiye, karibu na Moscow, alipandisha majike kwa madume wa Jersey, koo yenye maziwa ya mafuta mengi. Elimu ya urithi inasema kwamba mtoto atakuwa na nusu ya damu ya Jersey, mjukuu akipandishwa na dume mwingine robo, kitukuu thumuni, na mafuta yatapungua kadiri hiyo. Lysenko alidai kwamba hayatapungua, na madume wa shamba lake walipelekwa katika mashamba mengine nchini. Mwaka 1965 tume ya wanasayansi ilipokagua vitabu vya shamba, ilikuta hesabu zimechaguliwa ili zipendeze, na maziwa ya kila ng'ombe yamepungua kwa miaka mingi. Wakati huo madume walikwisha sambaa.

Ndugu msomaji, wapo wanaolitumia jambo hili kudai kwamba chama cha siasa kisishughulikie kilimo na ufugaji hata kidogo. Hilo si funzo lake. Chama kina haki, na tena kina wajibu, wa kuamua utafiti utumikie nani, fedha ziende wapi, na mfugaji mdogo alindwe vipi. Lakini kama ndama amepata T au C, hilo haliamuliwi kwa kura, wala kwa makofi, wala kwa cheo cha aliyesema. Azimio la kikao halimponyi ng'ombe. Uyakinifu wa kisayansi unatufundisha kwamba vitu vipo kabla ya mawazo yetu juu yake. Kada anayeficha vifo vya ndama ili taarifa ya wilaya ipendeze anafanya kazi ya Lysenko, hata kama jina hilo hajapata kulisikia.

Kosa la pili: soko badala ya umma

Tusidhani kwamba ubepari uliepuka makosa. Nchini Marekani mwaka 1962 alizaliwa dume wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake walitoa maziwa mengi sana, na kwa njia ya uhimilishaji mbegu zake ziliuzwa kila mahali. Akazaa mabinti zaidi ya 16,000, na inakadiriwa kwamba asilimia 14 hivi ya vinasaba vya Holstein wa Marekani imetoka kwake. Lakini katika jeni zake mlikuwa na kasoro moja. Nakala moja haina madhara. Nakala mbili huua ndama tumboni. Kadiri wajukuu wake walivyopandishwa wao kwa wao, mimba zilizidi kuharibika. Watafiti wamekadiria kwamba katika muda wa miaka 35 ziliharibika mimba kiasi cha nusu milioni duniani, hasara ya dola milioni 420.

Tuwe wakweli: faida ya maziwa yake iliipita hasara hiyo mbali. Na kipimo cha vinasaba ndicho kilichowezesha kasoro kujulikana na kuepukwa. Lakini tuone chanzo. Soko lilihesabu lita za kila ng'ombe mmojammoja, kwa hiyo kila mnunuzi aliona ni busara kununua mbegu za dume yule yule. Busara ya kila mmoja ikawa hatari ya wote. Huu ndio mgongano wa uzalishaji usiokuwa na mpango wa jamii. Nasi tukipata dume mmoja mwenye T mbili na kuhimilisha nchi nzima kwa mbegu zake, tutakuwa tumelirudia kosa hilo hilo kwa nia njema. Madume wawe wengi, watoke katika koo mbalimbali, na wabadilishwe kwa mpango.

Vinasaba hivi ni kazi ya nani?

Wakoloni waliwadharau ng'ombe wetu. Waliona wingi tu, wakaamua wapunguzwe kwa lazima. Katika Usukuma, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, amri za kupunguza mifugo ziliwaumiza wafugaji kiasi kwamba zikawa mojawapo ya mambo yaliyowasukuma kuunga mkono harakati za uhuru; na TANU ilipoanza kupata nguvu huko, serikali ya kikoloni ililizuia tawi lake tangu 1954 hadi 1958. Leo dunia inakuja kutafuta katika ng'ombe hao hao kile ambacho Friesian na Holstein hawana.

Uwezo huo haukuanguka kutoka mbinguni. Umetokana na vizazi vingi vya wafugaji walioishi na kupe, waliozika ndama, na waliochagua dume katika uzao wa ng'ombe waliosalimika. Kwa lugha ya uchumi, mna jasho la watu ndani yake. Lakini kama sheria na mikataba haikusimama imara, jasho hilo litageuka kuwa malighafi. Zamani tuliuza pamba na kununua khanga. Safari hii tutatoa nywele za ng'ombe na daftari za kumbukumbu bure, kisha tuuziwe mbegu zilizopimwa na kipimo chenyewe. Mkataba wa Bayoanuai wa mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika mwaka 2014, zinatambua haki ya nchi juu ya rasilimali zake za vinasaba na kudai mgawanyo wa haki wa faida. Karatasi hizo ni silaha, lakini silaha haijipigi yenyewe.

Wala kujitegemea si kujifungia. Tangu mwaka 2016 upo mpango wa kiafrika wa kukusanya kumbukumbu na vinasaba vya ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo, na Tanzania imo. Chanjo ya Muguga yenyewe ilitokana na ushirikiano. Sotoka, iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 kwa sababu mataifa yalifanya kazi pamoja, kwa chanjo ambayo nayo ilitengenezwa Muguga. Swali si kama tushirikiane. Swali ni kama tunashirikiana tukiwa na wataalamu wetu, maabara zetu na koo zetu, au tunashirikiana kama wabeba mizigo. Ng'ombe wa Mpwapwa, koo iliyoundwa hapa nchini kwa kazi ya miongo mingi, wakiachwa watoweke, hakuna kipimo kitakachowarudisha.

Wajibu wa kada

Yafuatayo yanawezekana katika tawi lolote lenye wafugaji.

(a) Kuhimiza kumbukumbu. Kila ndama aandikwe mama yake, dume aliyempanda, siku aliyougua, na kama alipona au alikufa. Kifo kiandikwe kama kilivyo.

(b) Kusimamia josho na chanjo visiachwe kwa tumaini la vinasaba. Atakayeleta habari kwamba josho halina kazi tena aulizwe ushahidi wake.

(c) Kuwalinda wananchi dhidi ya walanguzi watakaouza mbegu za "dume aliyepimwa". Kipimo kina cheti. Cheti kina jina la mnyama na la maabara. Asiye nacho asipewe fedha.

(d) Kutotumia amri. Kuhasi madume wasiochaguliwa ni sehemu ya mpango wowote wa uzazi, lakini mfugaji akubali kwa kuelewa. Tukiwaswaga wafugaji kama wakoloni walivyowaswaga Wasukuma, watatushinda, na watakuwa na haki.

(e) Kuhakikisha kwamba dume bora hawi wa tajiri peke yake. Utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe unajulikana vijijini. Utumike pia kwa madume na mitamba waliopimwa.

Hitimisho

Upimaji wa vinasaba ni chombo, kama jembe na kama bunduki. Hakina itikadi, lakini anayekishika anayo. Kikishikwa na mwanasiasa asiyejali ukweli kitaleta njaa; kikishikwa na mfanyabiashara asiyejali umma kitaleta utegemezi. Kikishikwa na wafugaji walioelimika, pamoja na wataalamu waaminifu na Chama kinachosikiliza, kinaweza kumpunguzia mfugaji mdogo hasara ambayo baba yake na babu yake waliiona kuwa ni kudura tu.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kijiji chenu, nani huamua dume yupi apande? Kwa nini?

2. Eleza tofauti kati ya jambo ambalo kikao cha Chama kinaweza kuliamua na jambo ambalo hakiwezi. Toa mifano miwili ya ufugaji au kilimo.

3. Mfugaji mwenye ng'ombe 300 wanaohimili ndigana kali anakataa kuogesha. Jirani yake ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Tawi lifanye nini?

4. Watafiti wakija kuchukua damu za ng'ombe wenu, mtawauliza maswali gani kabla ya kukubali?